Majina ya Watoto kwa Asiyetarajia Mtoto: Kweli au Si Kweli?

Wapo watu wanaopenda majina ya watoto kama wengine wanavyopenda mpira. Hawana mimba, wengine hawana hata mchumba, na wengine wamekwisha kulea wajukuu. Wakisikia jina geni kwenye tangazo la msiba, wanauliza marehemu aliitwa hivyo kwa nini. Jirani akijifungua, swali lao la pili baada ya "mama hajambo?" ni jina. Wana daftari, au ukurasa kwenye simu, lenye safu ya wanawake na safu ya wanaume, na mapacha wamekwisha kupangiwa.

Mimi ni mmoja wao. Kwetu Bagamoyo, na kuteremka pwani yote kupitia Mbweni na Kunduchi hadi Dar es Salaam, nimeyasikia mengi yanayosemwa juu ya watu wa namna yetu: tunaita mkosi, tunaficha mimba, tunaiga Wazungu. Nimeyachukua madai yanayorudiwa zaidi, yale ya hobi yenyewe na yale ya majina tunayoyakusanya, nikayapima moja moja.

1. "Kupanga majina na huna mimba ni kujitafutia mkosi"

SI KWELI. Dai hili limeuchukua mwiko wa kweli na kuupeleka mahali pasipo pake. Pwani, mimba changa haitangazwi. Nguo za mtoto hazinunuliwi mapema, na jina halitajwi ovyo mbele za watu kabla mtoto hajazaliwa, kwa kuogopa jicho la hasidi na kwa kujua kwamba mimba huharibika. Ni mwiko wenye busara. Unamkinga mama asije akalazimika kuueleza mtaa mzima msiba ambao mwenyewe bado anaulilia. Lakini mwiko huo una mwenyewe, naye ni mwenye mimba. Asiye na mimba hana tumbo la kuhusudiwa.

Tena angalia majina yetu hutoka kwa nani. Mara nyingi mtoto wa pwani hupewa jina na shangazi, na bibi, au na mzee wa ukoo anayekumbuka nani alizaliwa lini na nani amekufa bila wa kumrithi jina. Hao wote hawana mimba, na hakuna aliyewahi kuwaambia wanaleta mkosi.

Kwa Waislamu, ambao ndio wengi katika mji huu, upo ushahidi wa zamani zaidi. Bi Aisha, mke wa Mtume Muhammad (S.A.W.), hakujaaliwa kupata mtoto. Hata hivyo alikuwa na jina la uzazi kama wenzake: Ummu Abdillahi, mama yake Abdallah. Abdallah huyo alikuwa mtoto wa dada yake, Asmaa, na Mtume mwenyewe ndiye aliyemwambia ajiite kwa jina la mtoto huyo. Nasi mpaka leo tunamwita dada asiye na mtoto "Mama Fulani" kwa jina la mtoto wa ndugu yake, na anaitika kwa furaha.

2. "Anayependa majina ya watoto ana hamu ya mtoto, ila anaficha"

SI KWELI kwa wengi, na kwa wachache ambao ni kweli, si letu kuwauliza. Kumpatia jina mtu ambaye hajazaliwa ni kazi ya watunzi wote. Shaaban Robert, mwana wa pwani ya Tanga, aliifanya kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa kuliko wazazi wengi. Katika *Kusadikika*, kitabu kilichotoka mwaka 1951, mshitakiwa anaitwa Karama na waziri anayemshitaki anaitwa Majivuno. Katika *Adili na Nduguze*, ndugu watatu wanaitwa Adili, Hasidi na Mwivu. Msomaji anaijua njia ya kila mmoja kabla hawajafungua vinywa. Hakuna aliyemshuku mwandishi kwamba alikuwa anatafuta watoto watatu.

Wala hobi hii si ya wanawake peke yao. Shuka ufukweni Bagamoyo asubuhi, upande wa soko la samaki, mashua zinaporudi. Watu wote watakuwa wamegeukia matenga ya samaki na sauti ya dalali. Wewe tazama ubavu wa mashua, pale karibu na omo. Rangi imechubuka kwa chumvi na kwa kukokotwa mchangani, lakini maandishi ya mkono bado yanasomeka: dua fupi, kipande cha methali, jina la mama, jina la binti. Herufi nyingine zimerudiwa rangi mpya na nyingine zimeachwa zififie, na hapo unajua mwenye chombo bado anajali jina gani. Walioandika ni wanaume, mafundi na manahodha, na kabla ya kushika brashi walikaa wakafikiri, wakabishana, wakachagua.

Kuhusu wale wachache: yupo mwanamke aliyepoteza mimba, yupo anayetafuta mtoto kwa miaka, yupo mwanamume ambaye jina la mwanawe halikupata wa kuitwa. Daftari la majina linaweza kuwa mahali pake pa kupumzika. Swali la "vipi, kuna habari njema?" linamnyang'anya mahali hapo. Tuliache.

3. "Huu ni mchezo wa Wazungu"

SI KWELI. Ni kweli kwamba wenzetu wana vifaa vingi. Marekani, idara ya hifadhi ya jamii huchapisha kila mwaka majina waliyopewa watoto, na kumbukumbu zake zinaanzia mwaka 1880. Mtu akitaka kujua jina fulani lilipanda lini na likashuka lini, anaona mara moja. Lakini kuwa na orodha ya serikali ni jambo moja, na kupenda majina ni jambo lingine.

Mmoja wa watu wa kwanza kuandika kwa Kiswahili, kwa kirefu, jinsi watu wa pwani wanavyozaliwa, wanavyolelewa, wanavyooa na wanavyozikwa alikuwa mtu wa hapa hapa. Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda, Bagamoyo, yapata mwaka 1869. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na maelezo yake ndiyo nguzo ya kitabu *Desturi za Wasuaheli* alichokitoa Carl Velten mwaka 1903. Kitabu hicho kinaanza na mambo ya mimba na uzazi.

Baada yake alikuja Sharifa Zawawi, mzaliwa wa Zanzibar aliyefundisha chuo kikuu New York. Mwaka 1993 alitoa kitabu kizima cha majina ya Waswahili na maana zake, na ndani ya kichwa chake mna swali letu la kila siku: *Unaitwaje?* Huyo ni mtu aliyekusanya majina kwa ajili ya kuyakusanya, na wazazi wa mabara mawili wamefaidika.

Tena njia ya majina kati yetu na wenzetu hao imepitwa kwa pande zote mbili. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa kule Marekani na kuipa nguzo saba kwa Kiswahili. Ya mwisho ni Imani, na leo Imani ni jina la wasichana wengi Weusi wa Marekani. Mwaka huohuo tamthilia ya televisheni ya *Star Trek* ilimleta ofisa wa chombo cha anga aitwaye Uhura, jina lililotokana na uhuru. Wao wamekuja kuchota kwetu.

4. "Majina ya pwani yote ni ya Kiarabu"

SI KWELI. Yaliyotoka Uarabuni ni mengi, lakini hata hayo yamekaa hapa muda mrefu mpaka yakabadilika sura. Fatima amekuwa Fatuma, Uthman amekuwa Athumani, Umar amekuwa Omari, Aisha amekuwa Asha na Mwanaisha. Mwarabu akiyasikia lazima asikilize mara mbili.

Kando yake yapo yaliyo yetu tangu mwanzo, au yaliyounganishwa hapa. Chausiku alizaliwa usiku. Mwanamvua alikuja na mvua. Masika anaijua miezi yake. Sikujua, Tatu, Pili na Mosi hawahitaji mkalimani. Mwinyijuma, ambaye ulimi umemfupisha akawa Mwinjuma, amebeba cheo cha wenye mji. Kwa Wazaramo, Pazi lilikuwa jina la utawala, na Kondo ni neno la kale la vita.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kaskazini zaidi, Pate. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utenzi wa usia. Jina la mama, Kupona, ni Kibantu kitupu, la mtu aliyetoka katika maradhi. Jina la binti, Hashima, ni la Kiarabu. Wote wawili wametanguliwa na Mwana, heshima ya mwanamke wa mji. Nyumba moja, vizazi viwili, lugha mbili, na hakuna aliyeona ajabu.

Hata siku za wiki zinasema hivyo. Jumanne imehesabiwa kwa Kiswahili, siku ya nne kuanzia Jumamosi. Alhamisi imehesabiwa kwa Kiarabu, siku ya tano kuanzia Jumapili. Ndiyo maana katika nyumba moja utamkuta kaka anaitwa Jumanne na mdogo wake Hamisi, kila mmoja na hesabu yake.

Kisha ongeza watu waliofika. Mwaka 1868 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo, wakawakomboa watoto waliokuwa wameuzwa, na ubatizo ukaleta majina ya watakatifu. Wapagazi wa misafara walishuka kutoka Unyamwezi na Usukuma, na huko ndiko walikotoka Kulwa na Doto, mapacha ambao leo wanazaliwa hata katika nyumba isiyojua neno moja la Kisukuma. Anayesema majina ya pwani ni ya aina moja hajawahi kukaa kwenye shughuli akasikiliza watu wakiitwa.

5. "Majina kama Shida, Tabu na Mashaka ni laana kwa mtoto"

SI KWELI. Majina haya ni kumbukumbu. Tabu ni uchungu wa siku ya kuzaliwa, Shida ni mwaka wa njaa au wa baba kuwa mbali, Mashaka ni mimba ambayo watu hawakudhani itafika. Mengine ni kinga: familia iliyozika watoto kadhaa humpa anayefuata jina la kudharaulika, ili kifo kimpite kikidhani hana thamani. Nyuma ya jina linaloonekana baya mara nyingi yupo mzazi aliyependa kwa hofu kubwa.

Wala jina halikumfunga mtu njia. Mtoro, kwa Kiswahili cha shule, ni mwanafunzi anayekimbia masomo. Mtoro wa Bagamoyo alikuwa mwalimu mpaka Berlin, alikofia mwaka 1927. Aliyeteuliwa kuwa Naibu Waziri Mkuu wa Tanzania mwaka 2023 anaitwa Doto Mashaka Biteko, na Mashaka liko katikati ya jina lake bila kumzuia kitu.

Lakini nisifiche upande wa pili. Jina linaweza kuuma, na mwenye nalo ana haki ya kuliweka kando. Mtume aliwabadilishia majina baadhi ya watu waliokuwa na majina ya maana mbaya. Na pwani yetu ina mfano mkubwa: mwimbaji aliyezaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, alipewa jina la Mtumwa. Sauti yake ilipomfikisha kwa watu wakubwa, akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na ulimwengu unamjua kama Siti binti Saad. Anayekusanya majina anapaswa kuyaandika yote mawili. Ukiliandika Siti peke yake, umefuta nusu ya safari ya mama yule.

6. "Mtoto lazima arithi jina la babu au bibi"

KWELI kwa desturi, SI KWELI kama sheria. Kurithisha majina ni uti wa mgongo wa ukoo wa pwani. Tazama namna tunavyojitambulisha: jina lako, la baba, la babu au la ukoo. Rais wa nne wa Tanzania, aliyezaliwa Msoga, Bagamoyo, mwaka 1950, ni Jakaya Mrisho Kikwete. Mwanawe ni Ridhiwani Jakaya Kikwete. Jina la baba limekaa nyuma ya la mtoto, na Kikwete limebaki kuwa jina la ukoo. Jina likirudi kila baada ya kizazi, mnyororo unajifunga wenyewe.

Kurithisha huku kuna adabu yake. Mke wa pwani mwenye malezi hamtaji baba mkwe kwa jina. Sasa mwanawe akiitwa Rashidi kwa ajili ya babu, atamgombezaje mtoto aliyepanda juu ya mwembe? Hapo ndipo yanapozaliwa majina ya nyumbani: Babu, Mzee, Bwana, Bibi. Utamsikia mama akifoka, "Babu, shuka!" na anayeshuka ni mtoto wa miaka mitano. Matusi hayagusi jina la mkwe.

Lakini nyumba nyingi hugawana. Mtoto wa kwanza akichukua jina la upande wa baba, wa pili atakwenda kwa mama. Na wa tatu au wa nne hupata jina la siku, la mwezi au la tukio, na hapo ndipo anapotafutwa mwenye daftari. Kwa mpenda majina somo ni hili: jina halisimami peke yake. Lijaribu pamoja na la baba. Zawadi Hamisi linakwenda vizuri mdomoni. Hamisa Hamisi linajikwaa.

7. "Ukilitaja jina zuri hadharani, litaibiwa"

KWELI kwamba litachukuliwa. SI KWELI kwamba umepata hasara. Wakusanyaji wengi wana jina moja wanalolificha. Wanaogopa wifi ataliwahi. Nawaelewa, lakini pwani yetu imeshalitatua jambo hili zamani, na imelitatua kwa upendo.

Watu wawili wenye jina moja huitana somo, au wajina. Ni undugu kamili. Somo akifika nyumbani hapokelewi kama mgeni. Watoto wa somo yako ni kama wako. Na mtoto akipewa jina lako, wewe ndiye unayetazamiwa kufika na kitu mkononi, doti ya khanga kwa mama au nguo kwa mtoto. Jina halipungui kwa kugawiwa. Asha wako na Asha wa jirani wanaongezeana watu.

Kwa hiyo jina ulilolitunza miaka yote likichukuliwa na mtoto wa dada yako, umepata wa kulibeba wakati wewe huna. Lingekaa kwenye daftari lingebaki wino. Sasa linaitwa, linaitika, linapelekwa shule.

8. "Jina utakalochagua ndilo litakaloitwa"

SI KWELI, na mtaa hauombi ruhusa. Unaweza kukaa mwaka mzima ukichagua Abdallah; akifika darasa la tatu ni Dulla. Ramadhani ni Rama, Selemani ni Sele, Mohamedi ni Mudi, Khadija ni Dija, Zainabu ni Zai. Mwanahamisi ataitwa Mwana na bibi, Hamisa na shoga zake. Jina la cheti husubiri siku ya mtihani na siku ya ndoa.

Mfano mkubwa ni Fatuma binti Baraka wa Zanzibar, mwimbaji na mwalimu wa unyago aliyefariki mwaka 2013. Wangapi walimjua kwa jina hilo? Alipita dunia nzima akiitwa Bi Kidude, jina la utani kutokana na udogo wake, na akalifanya liwe kubwa.

Anayependa majina hujifunza kuliheshimu jambo hili. Ukiandika jina, andika pia mtaa utalifupishaje. Lisipofupika vizuri, watoto watalifupisha vibaya. Kwa wazazi wenyewe nasisitiza jambo moja la ziada: jina rasmi bado lina uzito wake. Sheria inataka kizazi kiandikishwe ndani ya siku 90, na herufi zitakazoingia kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili, ndizo zitakazomfuata mtoto shuleni, kwenye kitambulisho na kwenye mirathi. Kama ni Khadija au Hadija, Athumani au Othman, chagueni moja na mliandike vilevile kila mahali. Kulibadilisha baadaye kunawezekana, kwa kiapo na kwa hati ya kubadili jina, lakini ni gharama na usumbufu unaoepukika.

9. "Ni hobi isiyo na faida"

SI KWELI, na hili ndilo dai ninalolipinga kwa nguvu zote. Majina ni kumbukumbu iliyobaki ya watu ambao hawakuandikiwa kitu kingine.

Mwezi Februari 1874 msafara uliokuwa umebeba mwili wa mmisionari David Livingstone uliingia Bagamoyo. Alikuwa amefariki Mei 1873 kijijini kwa chifu Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na watu wake walimbeba miezi mingi hadi pwani. Mwili uliwekwa katika kanisa la misheni kabla ya kuvushwa Zanzibar na kupelekwa Uingereza. Wageni wanaotembelea mnara wa kanisa lile huondoka na jina la aliyebebwa. Sikiliza majina ya waliobeba.

James Chuma alikuwa Myao aliyeokolewa mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa, akabatizwa Bombay. James ni la ubatizo, Chuma ni la kwao. Abdullah Susi alitoka Shupanga, Msumbiji, na jina lake la kwanza ni la Kiislamu. Alipobatizwa miaka ya baadaye akachukua jina la David. Jacob Wainwright naye alikombolewa utumwani, akasomeshwa Nasik huko India, na jina lake lote ni la Kiingereza. La kuzaliwa halimo. Wanaume watatu, msafara mmoja. Ukiwa na majina yao mbele yako, unaona misheni, Uislamu, utumwa na Bahari ya Hindi kabla hujafungua kitabu.

Miaka mitatu kabla ya hapo, mwandishi wa habari Stanley alipoondoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone mwaka 1871, aliandika majina ya baadhi ya watu wake: Mabruki, Uledi, Ulimengo, Baruti, na mkuu wao Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa India na kurudi na jina la mji. Wengi wao hatuna picha zao wala makaburi yao. Tuna majina, kwa sababu mtu mmoja aliyaandika.

Sasa jiulize ni nani anaandika ya kwenu. Bibi aliyezaa watoto tisa akiwa Kaole au Saadani anakumbuka kila jina na kila sababu: huyu aliitwa hivi kwa sababu ya jahazi lililozama, yule kwa sababu baba yake alikuwa Pemba kwenye karafuu. Siku bibi huyo akifariki, majina yatabaki kwenye vyeti lakini sababu zitazikwa naye. Wenye mimba na wenye watoto wachanga hawana nafasi ya kukaa naye barazani mchana mzima. Mwenye nafasi ni yule anayependa majina tu, asiye na haraka ya kuchagua.

Kwa hiyo, msomaji, ukimwona mtu na daftari la majina, usimwangalie tumbo. Mpe jina la mama mzaa bibi yako, na mweleze aliitwa hivyo kwa nini. Kama hulijui, nenda kaulize wiki hii, wakati anayelijua yupo hai.